Shingo ya Hannah Nyokabi

Umewahi kumgusa mama yako utosini ukaona kidole kinazama? Kama hujawahi, usinihubirie kwanza habari za maendeleo ya nchi hii. Kaa unisikilize.

Hannah Nyokabi ana bonde kichwani. Linaanzia juu ya sikio moja, linapita utosini na kushukia sikio la pili, upana wake kama vidole viwili. Hakuzaliwa nalo. Limechimbwa na mkanda wa ngozi ambao Wakikuyu huuita mukwa: mzigo hukaa mgongoni, mkanda huuzunguka mzigo na kupita juu ya kichwa, na shingo ndiyo inayoshika kila kitu. Alivishwa wa kwanza angali msichana mdogo, wa kubebea kibuyu cha maji. Akaolewa nao. Akabeba kuni, viazi, mahindi na mawe ya msingi wa kanisa lao, na mara nyingi juu ya mzigo aliketi mtoto.

Mimi ni mpangaji wake hapa Riruta, pembezoni mwa jiji. Nimemaliza chuo kikuu mwaka juzi, na sasa ninafundisha shule ya upili. Kwetu ni Bungoma, ambako mama yangu hubeba mtungi kichwani, shingo wima, akipiga soga njiani. Labda ndiyo maana nilipomwona Hannah mara ya kwanza, mwaka wa sabini na mbili, nilisimama barabarani nikashangaa. Niliona rundo la majani likitembea kwa miguu miwili. Kichwa hakikuonekana. Rundo likanisalimu: "Mwalimu, hujambo?"

Yeye na mumewe, Kihara, wanaishi katika ploti hii ya vyumba vya mabati, na nyuma ya vyumba wana ng'ombe wawili. Shamba lao liko Mutuini. Kila asubuhi Hannah alipanda huko kwa miguu, akalima, akakata mabingobingo ya ng'ombe, akarudi nayo mgongoni kabla jua halijafika utosini. Kihara alikuwa tarishi wa ofisi mjini kwa miaka mingi, na alipostaafu alibaki na baiskeli nyeusi anayoipangusa kila jioni kwa kitambaa laini. Haibebi kitu. Siku moja niliegemeza mwavuli wangu kwenye kiti cha baiskeli hiyo, Kihara akaniuliza kama mwavuli umechoka.

Mwaka huu, mwezi wa pili, shingo ya Hannah ikagoma. Aliamka asubuhi, jogoo akawika upande wa kushoto, na ili amtazame ikambidi ageuke mwili mzima kama mlango. Akaenda zahanati, akapewa tembe nyeupe. Akarudi, akapewa tembe zile zile. Nawaambieni, katika nchi hii tembe nyeupe hutibu malaria, jino, mimba na huzuni! Maumivu yakapanda nyuma ya masikio na kushuka hadi mabegani. Hakuweza kuinama na jembe, sembuse kubeba. Ng'ombe wakala maganda ya ndizi na majani ya kuombaomba kwa majirani.

Ndipo Kihara akasema neno alilokuwa amelificha moyoni muda mrefu. "Shamba bila mgongo wa mtu ni msitu. Kule Mutuini watu wanajenga nyumba za kupangisha. Na sisi tujenge."

"Kila mti pale nimeupanda mimi," Hannah akasema.

"Najua. Lakini nani ataulimia?" Kihara si mtu mbaya. Akaweka sharti. "Mvua ndefu ikianza kama umeweza kushika jembe, shamba ni lako. Ikianza kama hujaweza, naita lori la mawe."

Tangu hapo Hannah akawa anatazama mawingu kwa mwili mzima.

Nilikuwa nimesoma gazetini kuhusu tiba ya sindano za Kichina. Kisha mwalimu mwenzangu wa Jiografia, Nzomo, akaniambia kwamba mwenyewe alitibiwa kiuno kwa sindano hizo hapa hapa mjini, na daktari mmoja aitwaye Fong, mzaliwa wa Morisi, ghorofani juu ya duka la vitambaa katika Mtaa wa Biashara. Nikarudi Riruta nikiwa nimewaka moto. Nilimkuta Hannah akipima maziwa, akiinamisha kiuno kwa sababu shingo haikukubali.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza kuhubiri, "hiyo sindano iko na dawa gani ndani?"

"Haina dawa, mama. Haina hata bomba. Ni kama uzi wa chuma, nyembamba kushinda ya cherehani."

Akaacha kumimina. "Haina dawa? Sasa mimi niende town kudungwa bure?"

Kihara alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli. "Hata mbu anadunga bure," akasema. "Na yeye anakufuata nyumbani, hulipi nauli."

"Damu inatoka?" Hannah akauliza, bila kumjali.

"Nzomo anasema hata tone moja halikutoka."

"Sasa kama damu haitoki, ugonjwa unatokea wapi?"

Hata kwetu, nyanya yangu alipoumikwa kwa pembe, damu nyeusi ilimwagwa na kila mtu akaiona, akaridhika. Tiba isiyotoa kitu wala kuingiza kitu ni vigumu kuitetea mbele ya mtu mwenye akili. Nikasema kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili hujitibu wenyewe.

"Mimi niliamka zamani," akasema. "Nitavua nguo mbele ya huyo mzee?"

"Utafungua kola tu. Na viatu pengine."

"Sindano iliingia kiuno ya Nzomo ndiyo itaingia shingo yangu?"

"Zinachemshwa, mama."

"Nitaona zikichemka?"

"Utamwuliza mwenyewe."

"Nitamwuliza," akasema, na kutokana na neno hilo nikajua atakwenda.

Lakini hakuweza kwenda hivi hivi. Hannah ni mmoja wa wandugu wa uamsho, wale waliookoka ambao hukutana kila Alhamisi alasiri na kusalimiana kwa "Bwana asifiwe". Kwao hakuna jambo la siri. Ukimsema jirani, ukinunua redio, ukimkasirikia mume, unalileta mbele ya wenzako, na hiyo huitwa kutembea nuruni. Kwa hiyo Alhamisi ile, sebuleni kwake, aliinuka akasema, "Wapendwa, nataka kwenda kudungwa sindano ya shingo na Mchina. Mwalimu ndiye amenionyesha. Naileta nuruni."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimealikwa nieleze.

Kiongozi wao ni seremala mmoja, Jamleck, mzee mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe. "Mwalimu," akaniuliza, "huyo mtu akidunga, anasema maneno?"

"Maneno gani?"

"Maneno. Mganga hadungi kimya."

"Mzee, yeye si mganga. Ni daktari, amesomea!"

"Hata nyoka alisoma," bibi mmoja akanong'ona pembeni, na wenzake wakaguna.

Jamleck akainua mkono. "Usikasirike, kijana. Wewe ulikuwa mdogo wakati wa Hali ya Hatari. Sisi hapa tulikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni, tukachapwa mpaka wengine wakazikwa. Hatuwezi kuingia kiapo kingine kwa mlango wa shingo. Ndiyo maana nauliza."

Moto wangu ukapungua. Nikajibu kwa adabu, moja moja. Hasemi maneno. Haombi kuku wala nywele. Hakupi kitu cha kufunga kiunoni. Haulizi unasali wapi. Wakanong'onezana kwa Kikuyu, wakaomba, na mwisho Jamleck akatoa uamuzi. "Hatumkatazi dada. Lakini asiende mikono mitupu. Afunge, aende na maombi."

Hannah akafunga tangu jioni ile ile. Shule zilikuwa likizoni, kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa nilimsindikiza mjini. Nilimshika mkono kumsaidia kushuka basi. Mikono yake ilikuwa baridi.

Daktari Fong ni mtu mfupi mwenye sweta ya kijivu na Kiswahili cha kununulia mboga tu, basi mengine nilitafsiri mimi. Hannah aliketi, na swali lake la kwanza likawa sufuria iko wapi. Daktari hakuudhika. Alimpeleka hadi kwenye jiko la umeme, akafunua kifuniko, mvuke ukatoka. Hannah alizitazama sindano zikichemka kama mtu anayelinda maziwa yasimwagike.

"Sawa," akasema. "Ziko safi kushinda za zahanati."

Daktari alishika mapigo ya mkono mmoja, kisha wa pili. Akauliza habari za usingizi, za miguu baridi, za choo. Akataka kuona ulimi.

"Ulimi?" Hannah akanigeukia, mwili mzima. "Mwambie ulimi yangu haijawahi kuumwa. Uliza Kihara."

Daktari akauliza kama amekula. Nikamtafsiria. Hannah alikunja midomo, akapunga mkono. "Tuendelee, mwalimu." Nami, habari za mfungo zikiwa zimenitoka akilini, nikamwambia daktari kwamba mama anataka tuendelee.

Sindano ya kwanza haikuingia shingoni. Iliingia nyuma ya kiganja, kati ya mifupa ya vidole.

"Shingo iko huku juu!" Hannah akasema.

"Anajua, mama. Anasema njia ya shingo inapitia hapo."

"Hiyo njia ilichorwa na nani?"

"Inauma?" daktari akauliza kwa Kiswahili chake.

Akafikiri. "Kama siafu mmoja. Siafu mwenye adabu." Kisha, baada ya muda, "Sasa mkono umekuwa mzito. Kama umelaliwa na mtoto." Daktari akafurahi, akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa kusikika. Akaweka nyingine juu ya bega.

Nilikuwa nikitazama dirishani nilipomsikia Hannah akivuta pumzi. Jasho lilimtoka usoni, midomo ikapauka, macho yakageuka, na mwili ukateleza kwenye kiti. Nilipiga kelele. Daktari Fong hakupiga. Alizitoa sindano, akamlaza sakafuni, akainua miguu yake juu ya kiti, akabonyeza chini ya pua. Punde si punde Hannah akafumbua macho.

"Muulize alikula lini," daktari akaniambia, kwa Kiingereza kikali.

"Jana mchana," Hannah akanong'ona. "Nimefunga."

"Kwa nini hukusema, mama? Alikuuliza!"

"Mwalimu, wewe husomi Biblia? Mfungo hautangazwi kwa watu."

Nilimtafsiria daktari. Alinitazama, akamtazama Hannah, akaenda mwenyewe kumchemshia chai yenye sukari nyingi. Alisimama mpaka ikaisha. Kisha akaeleza kwamba mtu mwenye njaa au woga mwingi huweza kuzimia kwa sindano hata moja, kwamba si hatari kubwa lakini si jambo la kurudia, na kwamba leo hataendelea. Arudi Ijumaa ijayo, tumbo likiwa na kitu.

Habari zilifika Riruta kabla yetu. Sijui zilipanda basi gani. Kihara alikuwa amesimama langoni. Hakufanya mzaha hata mmoja. Alimshika mkewe kiwiko, akamwingiza ndani, akarudi kwangu. "Ukimwua mke wangu na magazeti yako, mwalimu, utahama hapa usiku huo huo." Kesho yake alikwenda kumwona mtu wa lori.

Wiki ile nilisikia mengi. Kwamba Hannah alidungwa moyo. Kwamba sindano imebaki ndani, inatembea. Kwamba Mchina alimnywesha kitu. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya Ngong kama watu wanaosubiri kuitwa. Nilingojea Alhamisi kama mshtakiwa.

Sebule ilijaa. Hannah akasimama. "Bwana asifiwe. Wapendwa, nilizimia."

Viti vikasogezwa karibu.

"Ni pepo?" bibi wa pembeni akauliza.

"Ni njaa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia, wa pili akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Jamleck alicheka hadi akatoa kitambaa. Lakini alipojipangusa macho alikaa akiwaza, na mimi nikajiandaa kwa vita. Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu ujinga unaoua akina mama zetu. Sikuitoa.

"Mfungo ni wa kanisa, si wa mgonjwa," Jamleck akasema. "Tulikosea kumbebesha dada mizigo miwili. Kesho Hannah atakula. Sisi ndio tutafunga."

Na ndivyo walivyofanya. Ijumaa ile wandugu wote wa Riruta walishinda na njaa huku Hannah akila maharagwe meusi ya njahi na ndizi mpaka akaomba ahurumiwe. Hata Kihara, ambaye hajaokoka, alisema amefunga, ingawa nilimwona karibu na duka la mandazi akitazama upande mwingine.

Mara hii, daktari alipouliza kuhusu chakula, Hannah alijibu kabla sijatafsiri. Alijipigapiga tumbo tu. Sindano ya kiganja ikaingia, siafu akauma kwa adabu, mkono ukawa mzito. Daktari akamwambia ageuze kichwa polepole, huku na huku, sindano ikiwa bado mkononi. Mwanzoni kiligoma. Akajaribu tena. Nikaona kidevu kikisogea, na bega likabaki mahali pake.

"Mwalimu," akasema, akitazama dirishani upande wa kushoto, "hizo kitenge nyekundu kwa duka ya ng'ambo ni mpya?"

Nilitaka kupiga makofi. Daktari Fong alitikisa kichwa. Leo ni nusu, akasema. Huenda kesho maumivu yakarudi kidogo. Aje tena mara kadhaa, na hata hivyo hawezi kuahidi kila kitu. Kisha, alipokuwa akimpapasa nyuma ya kichwa, vidole vyake vikafika kwenye lile bonde, vikasimama.

"Hii ni nini?"

Nilivua tai yangu, nikaipitisha juu ya kichwa changu na kuinama ili aelewe. Akalipima bonde kwa vidole viwili. Halafu akasema nimwambie mama kwamba sindano zinaweza kutoa maumivu, lakini mkanda utayarudisha kesho yake. Asibebe tena kwa kichwa. Kabisa.

Nilitafsiri kwa nguvu zangu zote. Hannah alingoja nimalize.

"Hayo maneno ni yake au ni yako?"

"Ni yake. Na yangu pia."

"Na majani yatatembea yenyewe kutoka Mutuini?"

Tuliposhuka ngazi alinishika mkono. "Kihara asisikie hiyo ya mkanda. Akijua siwezi kubeba, Jumatatu mawe yatamwagwa Mutuini. Mwambie shingo imepona tu." Nilikubali, na nilikasirika njia nzima. Nilimkasirikia Kihara, na mkanda, na nchi inayojenga maghorofa ya vioo mjini huku mama akigeuzwa mkokoteni mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Jioni tulikaa mezani, sisi watatu. Kihara alimpima mkewe kwa macho. Hannah akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, si mbali, lakini akageuza.

"Imepona?" Kihara akauliza.

Nilifungua mdomo. Hannah akaweka kijiko chini.

"Kihara, nilikuwa nimepanga kukuficha kitu, na nimeshindwa kumeza chakula. Daktari amekataa mkanda. Naweza kulima. Naweza kukamua. Kubeba ndiyo siwezi tena, hata shingo ikipona."

Kihara alitafuna polepole. "Kwa hivyo majani yatakaa Mutuini na ng'ombe watakaa Riruta."

"Wewe ubebe!" nikaropoka. "Una mgongo! Kwa nini mzigo uwe wa mwanamke tu? Uhuru tulipata wa nani?"

"Nivae mukwa? Mimi?" Kihara akanigeukia. "Mwalimu, kwenu Bungoma wanaume hubeba majani ya ng'ombe kwa kichwa?"

Niliinamia kikombe changu, kwa sababu hawabebi.

"Basi kunywa chai," akasema. Usiku mvua ndefu ikaanza kuanguka juu ya mabati.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa langoni, kwenye mfereji wa maji ya bomba, nikijaza ndoo. Nilisikia chuma kikigongana, na kutoka upande wa Mutuini nikaona rundo la mabingobingo likija, pana kuliko nilivyozoea. Chini yake kulikuwa na magurudumu mawili. Kihara alikuwa akiisukuma baiskeli yake nyeusi, matope hadi magotini, majani yamefungwa kwenye kiti, kwenye keria ya nyuma, na kwenye usukani, yote yamekazwa kwa mkanda wa ngozi wa Hannah.

Macharia wa duka alitoka nje mikono kiunoni. "Kihara! Siku hizi umeolewa na nani?"

"Baiskeli haina mume wala mke," Kihara akajibu, akihema. "Ondoa kreti yako njiani."

Nyuma yake alikuja Hannah, jembe begani tu, chuma chake kikiwa na udongo mbichi mweusi. Walipofika langoni gurudumu liliingia shimoni, na rundo la kushoto likaanza kuteleza. Hannah alikuwa ananisalimu mimi. Akageuza kichwa, kichwa peke yake, mabega yakabaki yananitazama, akapaza sauti:

"Kihara, upande wako unamwagika!"